Siku Mama Alipopima Nyumba ya Magurudumu

Mwezi uliopita niliingia katika duka la magodoro pale Keumbu, nikatoka bila kununua chochote. Mwenye duka alikuwa anachana nailoni ya godoro lililoshinda juani, na harufu ya sponji iliyopata joto ikanifikia kabla sijamsalimu. Papo hapo nikawa na miaka tisa, nimesimama Kiogoro kwenye nyasi ndefu, nimeshika mlango mwembamba wa bati, nachungulia ndani ya nyumba yenye magurudumu.

Yote yalianza na nyonga za Magokoro. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Ekegusii. Baba kwetu ni tata, na mama ndiye huitwa baba, jambo lililompa taabu mwalimu wangu wa Kiswahili siku nilipoandika katika insha kwamba baba yangu ananyonyesha. Basi Magokoro alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Moraa, aliyehamia Kitale na mumewe zamani kutafuta shamba. Hawakuwa wameonana tangu kabla sijazaliwa. Simu zilipigwa, lakini Magokoro aliishika simu mbali na sikio na kusema kwamba huyo si Moraa, ni mtu anayemwiga. Alitaka kumshika mkono. Tatizo ni kwamba hakuweza kukaa kitako zaidi ya saa moja. Ilibidi ajinyooshe, alale kidogo, ndipo aendelee. Na kulala katika nyumba ya mtu asiyemjua alikataa katakata.

"Kama ni hivyo," Tata akasema, "tutasafiri na nyumba."

Tulidhani anatania. Tata alikuwa fundi wa miwani mjini Kisii, mtu wa bisibisi ndogo kama sindano, lakini alipenda mambo makubwa. Alikuwa na pikapu ya dizeli yenye viti vya nyuma, na aliiosha kila Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato iikute safi. Alikuwa amesikia kwamba kule Kiogoro kuna daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye ana karavani mbili, nyumba ndogo za kuvutwa na gari, nyuma ya nyumba yake na anataka kuuza mojawapo.

Jumapili hiyo tulikwenda watatu: Tata, Mama na mimi. Mzee alitupeleka nyuma ya migomba, na hapo nikaziona. Moja ilikuwa kubwa, nyeupe, ya magurudumu manne, na madirisha yenye mapazia ya maua. Ya pili ilikuwa ndogo, ya magurudumu mawili, rangi ya maziwa yaliyochacha, imejiinamia pembeni. Mzee akafungua mlango wa ile kubwa. Harufu ya sponji ikatoka, nasi tukaingia.

Sijui nitaelezaje. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na dada zangu watatu maisha yangu yote, na hapa palikuwa na meza iliyogeuka kitanda, kitanda kilichogeuka kabati, sinki la kunawia lenye kifuniko, jiko la gesi, hata choo kilichojificha nyuma ya mlango niliodhani ni wa kabati la nguo. Nilivua viatu bila kuambiwa. Tata naye aliufungua na kuufunga mlango wa kabati mara nne, taratibu, akisikiliza unavyobana.

Mama hakuingia. Alikuwa amechuchumaa nje akisoma kibati kilichopigiliwa karibu na kiungio, pale trela inapoungwa na gari.

Lazima niwaambie kazi ya Mama. Alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai karibu na kwetu, upande wa Nyamira. Kila siku wakulima walimletea magunia, akayatundika kwenye mizani, akatoa uzito wa gunia, akaandika uzito wa chai. Aliweza kumtazama mtu akishuka kilimani na mzigo akajua mzigo huo ni kilo ngapi, na mara nyingi hakukosea hata kwa kilo moja.

"Gari lako limeandikwa linavuta ngapi?" akamuuliza Tata.

"Kilo elfu moja na mia tano, trela ikiwa na breki zake. Na hii ni elfu moja mia tatu na hamsini. Inatosha, na nafasi inabaki."

"Huo ni uzito wa gunia," Mama akasema. "Chai bado hujaweka."

Tata akacheka. Mama hakucheka. Akaanza kuhesabu kwa vidole: maji, mtungi wa gesi, magodoro, sufuria, mkungu wa ndizi ambao Magokoro hangekubali kuuacha, unga wa wimbi, kuku. Kisha akasema kwamba hata sisi tutakaokaa ndani ya pikapu ni mzigo juu ya pikapu hiyo hiyo, na injini haitatuonea huruma kwa sababu sisi ni watu.

Tata aliona haya mbele ya mzee, nadhani, kwa sababu alisema, "Acha tuijaribu. Kidogo tu, hapa juu palipo sawa."

Mzee akakubali. Wakaiunganisha, wakafunga minyororo na waya wa taa. Tukaondoka. Kwenye tambarare nyumba ile ilitufuata kwa adabu, nami nikapiga magoti kwenye kiti cha nyuma nikitazama mapazia yake ya maua yakipepea. Watu waliacha majembe wakasimama kututazama. Sijawahi kujisikia mkubwa kiasi hicho.

Lakini barabara ilikuwa nyembamba, na kitu kirefu vile hakikuweza kugeuka. Mahali pa kugeuzia palikuwa chini, penye uwanja wa soko. Ikabidi tushuke mteremko.

Mwanzoni ilitikisika tu. Halafu nikaona ukuta mweupe unahamia kushoto, ukarudi, ukahamia kulia, na kila mara ulikwenda mbali zaidi. Mkia wa pikapu nao ukaanza kufuata. Nikasikia injini inanguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, kwa maana sasa si sisi tuliokuwa tunaivuta nyumba, nyumba ndiyo ilikuwa inatusukuma. Upande mmoja kulikuwa na mtaro, upande wa pili bonde lenye majani chai, ya kijani kibichi, mazuri mno. Nakumbuka niliyaona kuwa mazuri.

Mama alinyoosha mkono nyuma, akanikalisha na kunibana kwenye kiti. Hakusema kitu. Tata aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawasawa, hakuupindisha kufuata kule kuyumba, na hakukanyaga breki kwa nguvu. Aligusa breki, akaachia, akagusa tena. Mishipa ya shingo ilimtoka. Ukuta mweupe ukaja kushoto, ukaja kulia, ukapungua, ukapungua tena. Mteremko ulipolegea karibu na soko tulisimama kando ya migomba, na kimya kikawa kikubwa hadi nikasikia injini ikitoa milio midogo ya kupoa.

Tata alishuka, akakaa kwenye nyasi. Mzee alipotufikia kwa miguu, akihema, walifungua sanduku lililo chini ya kitanda cha nyuma kabisa. Lilikuwa limejaa vyuma vya kazi yake ya zamani, minyororo, koleo na makopo mazito, vitu alivyoviweka humo na kuvisahau. Uzito wote ulikuwa mkiani, ndiyo maana nyumba iliyumba vile. Kibati hakikujua habari hiyo.

"Mama Kemunto," Tata akasema akiwa bado amekaa chini, na watu wa soko walikuwa wamekusanyika wanasikia, "sasa chagua wewe."

Mama akachagua ile ndogo.

Wiki iliyofuata niliona kitu ambacho hadi leo nikikisimulia watoto wangu hudhani natia chumvi. Mama alipima safari yetu nzima. Kila kitu tulichotaka kubeba alikitundika kwenye mizani ya kituo baada ya wakulima kuondoka: mkungu, unga, maji, mablanketi, kuku aliyefungwa miguu akiwa amekasirika. Halafu karavani ikiwa imepakiwa tayari, tukaipeleka kwenye mizani ya malori ya machimbo ya mawe, na mwenye mizani akatupimia huku akitikisa kichwa. Haikufika hata kilo elfu moja. Bado Mama hakuridhika. Aliazima mizani ya kusimama ya zahanati, akauweka ulimi wa karavani, ule mkono wa chuma unaoungwa na gari, juu ya gogo, gogo juu ya mizani, akalala kifudifudi kwenye nyasi na gauni lake la kazi ili asome. Alitaka ulimi ubebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ulipoonekana mwepesi, alihamisha madumu ya maji mbele ya magurudumu, akasoma tena. Alipoinuka alikuwa na majani kwenye nywele. Nilimtazama kama mtu aliyeshika mlima mkononi akasema ni kilo kadhaa.

Tulisafiri siku mbili. Magokoro alikaa mbele ndani ya pikapu, na kila baada ya saa moja tulisimama, tukamwingiza katika nyumba yake, akajinyoosha, akaamka na kuuliza tumefika wapi. Tulipofika Kitale, Moraa alikuwa amesimama langoni. Magokoro alimshika mkono, akaugeuza, akalitazama kovu la panga lililokuwa hapo tangu wakiwa wasichana. "Ni wewe," akasema. Moraa alikuwa ametayarisha chumba kizima, shuka mpya. Wote wawili walikikataa, wakaenda kulala katika karavani, vitanda viwili vyembamba, na asubuhi tuliwakuta bado wanazungumza.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana. Wakati ule sikuelewa kwamba wao walilijua hilo.

Kitu kingine kilinichukua miaka mingi zaidi kukielewa. Nilikuwa mtu mzima, nimeanza kuendesha gari langu mwenyewe, nilipomuuliza Mama kwa nini siku ile kwenye mteremko alinyamaza. Alikuwa ameshasema kweli mapema. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumlaumu, na baadaye nyumbani angeweza kumkumbusha kila mwezi. Hakufanya hivyo hata mara moja.

Alikuwa anachambua mboga.

"Ningesema neno," akanijibu, "angenisikiliza mimi. Nilitaka alisikilize gari."

Akaendelea kuchambua mboga zake, nami nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.