Neno Alilolisema Bhoke

Bibi yangu Bhoke wa Nyanungu alikuwa akiota macho yakiwa wazi. Alikuwa anaweza kukamua ng'ombe huku anawaona watu walio mbali, akawasalimu, maziwa yakamwagika. Watu walimcheka. Shauri yao, wao hawakuona kitu.

Mwaka 1956 ndoto zake zote zilikuwa za Marwa, mwanawe wa miaka kumi na mitatu, ambaye ndiye baba yangu. Alikamatwa akichunga ng'ombe, kumbe ni wa wizi, akawekwa mahabusu Tarime mjini. Agizo lilikuwa limetoka kwamba mtoto asizidi siku saba humo. Zikiisha, akangoje kesi nyumbani. Mtu mzima alingoja humo humo, hata miezi.

Siku ya kwanza, bibi akiwa kando, karani wa mahabusu Abdurahmani aliuliza, "Huyu ni mtoto?"

Marwa alikuwa ametahiriwa Desemba iliyopita. Akatuna. "Mimi ni mwanamume."

"Kweli kabisa," bibi akadakia kwa majivuno ya kijinga. "Na kisuni hakulia."

Karani akaandika: mtu mzima.

Siku ya saba watoto wawili waliruhusiwa. Marwa akabaki. Bibi akaanza safari ya kurudi Nyanungu kwa miguu, ndani ya ukungu, na kwenye kila kichaka alimwona mwanawe: mara yuko mgongoni, mara anatambaa, mara anaiba mtindi kwenye kibuyu. Hakumwona hata mara moja akiwa mwanamume. Akageuka njiani.

Ofisini aliwakuta vijana waliotahiriwa pamoja na Marwa, wamekuja kumjulia hali. Kwetu, kumwita aliyetahiriwa mtoto mbele ya wenzake ni kumvua nguo.

"Bwana karani, andika upya. Alizaliwa mwaka nzige walipomaliza mtama wetu."

Abdurahmani akahesabu kwa vidole. "Kumi na mitatu. Kwa hiyo ni mtoto, mama?"

Bibi aliwatazama wale vijana. Aliona aibu.

"Ni mtoto," akasema. "Mtoto wangu mdogo."

Marwa alisikia yote kutoka mahabusu. Walipomfungulia, alitangulia njiani.

"Mura, ningoje!" bibi akaita, kwa jina letu la kijana aliyetahiriwa.

Hakugeuka. Mtoni alikaa juu ya jiwe, bibi akamfikia, akakaa kando yake. Ukungu ulipita juu ya maji. Polepole kichwa cha Marwa kikashuka mapajani mwa mama yake, akalala fofofo.

Bibi hakusogea, ingawa miguu ilikufa ganzi. Siku ile hakuota chochote.

Baba ni mzee sasa. Mpaka leo anakana kwamba alilala.