Mwezi Ambao Mkuu wa Wakamuaji Alishika Brashi

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa mwosha bidoni, yale makopo makubwa ya kubebea maziwa, katika shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa, kwenye mteremko wa Kagarama, Kigali. Kazi hiyo naitaja bila haya, maana niliipenda. Asubuhi zizi linanukia majani mabichi, ndege zinatupitia juu zikienda kutua uwanjani Kanombe, na ng'ombe wala hawainui vichwa. Mimi na mama tulipewa chumba hapo hapo shambani, na mama akapanda maharage nyuma ya ukuta. Tulikuwa tumehama mno. Tulitoka Buyenzi, kule Bujumbura nilikokulia, tukaja Kigali, na Kigali kwenyewe tukawa watu wa kubeba magodoro kutoka nyumba hii kwenda ile. Mama alisema safari hii maharage yake atayavuna mwenyewe, watu watake wasitake.

Basi akaja msimamizi mpya, kijana mpole, hana matusi. Wiki nzima alisimama zizini akitutazama tu, halafu akatuita wote uani. Akasema shamba lina watu wengi kuliko kazi. Wanaume wakikamua, wanawake wamekaa wanasukana nywele wakingojea bidoni zirudi kuoshwa. Wanawake wakiosha, wanaume wamejilaza kwenye majani. Hakusema uongo, na hilo ndilo lililoniudhi. Mimi mwenyewe nywele za kichwani mwangu zilikuwa zimesukwa hapo hapo, saa za kazi.

"Mwisho wa mwezi," akasema, "atakayebaki ni yule anayejua kukamua na kuosha. Yote mawili."

Lo! Kwetu mwanamke hakamui. Atafagia zizi, atatunza vyombo, atasukasuka maziwa mpaka yatoe siagi, lakini mkono wake haugusi kiwele. Tuliambiwa akigusa tu, ng'ombe atakauka. Na mwanamume wa kuinamia vyombo vya maziwa na brashi mkononi? Thubutu! Atachekwa mpaka sokoni Kicukiro. Kwa hiyo kijana yule, kwa maneno machache tu, alikuwa ametufukuza sote.

Nilimweleza mama jioni hiyo, akiwa anapalilia.

"Tutahama," akasema. "Bora kuhama kuliko kunywa maziwa yaliyokamuliwa na binti yangu."

Alisema hivyo bila kuniangalia, akaendelea kupalilia palepale alipokwisha kupalilia. Nikajua hataki kuhama. Moyo uliniuma, nikasema moyoni: mama yangu habebi godoro tena.

Kesho yake, wenzetu walipokwenda kula, nilimfuata mkuu wa wakamuaji. Alikuwa mzee mrefu, mwenye vidole vinene, na maisha yake yote hakuwa amefanya kazi nyingine ila ng'ombe.

"Mzee, nifundishe kukamua. Mimi nikufundishe kuosha."

"Wewe Mswahili una wazimu," akasema. Waliniita Mswahili kwa ajili ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na kwa ajili ya mdomo wangu.

"Ninao, mzee. Lakini sina nyumba nyingine. Wewe unayo?"

Akatazama mlango, akatazama brashi, akatazama mlango tena. "Funga," akasema.

Hivyo tukaanza kufundishana mafichoni kama wezi. Mzee alishika brashi kwa ncha za vidole, uso umemkunjamana kama amepewa dawa chungu. Alisugua bidoni nje, pale panapong'aa, akataka kusimama. "Bado, mzee! Ndani shingoni, hapo ndipo maziwa yanapochachia." Alinung'unika Kinyarwanda chote alichokijua. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akanirushia maji.

Zamu yangu ikifika, hapakuwa na kicheko. Nilichuchumaa chini ya yule ng'ombe mwekundu, mpole kuliko wote, nikavuta chuchu. Hakuna kitu.

"Usivute. Bana juu, shuka na vidole. Na uimbe. Ng'ombe huyu iko na masikio. Akisikia unaogopa, anabana maziwa."

Nyimbo za ng'ombe sikuzijua. Nilizozijua ni nyimbo za harusi za Buyenzi, basi nikaimba hizo. Mzee akashika kichwa: "Yesu na Maria, anamwoza ng'ombe wangu!" Lakini maziwa yalikuja, tone, tone, halafu mstari. Jamani, niliona raha! Mikono iliniuma hadi mabegani, na bado niliona raha.

Mwisho wa mwezi tukasimama uani. Msimamizi akauliza nani ataanza. Kila mtu akawa anatazama viatu vyake. Mzee akatoka mbele, akachukua brashi, akainama mbele ya wanaume wote aliowafundisha kazi, akasugua bidoni ndani na nje, mpaka shingoni. Wanawake walijiziba midomo. Alipomaliza aliipindua, akainuka, akanitazama.

Nikachuchumaa kwa mwekundu wangu. Nikabana, nikashuka. Hakuna kitu. Niliona haya kuimba mbele ya watu, na ng'ombe akawa anangoja. Nikafikiria magodoro.

"Imba basi, Mswahili!" mzee akafoka.

Nikaimba. Sauti ilitetemeka, halafu ikanyooka, na maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Nyuma yangu mmoja wa waoshaji akapiga kigelegele, kama kweli kuna bwana harusi. Mzee akachota maziwa yale kwa kikombe, akanywa mbele ya wote, akafuta mdomo, akarudi kwenye bidoni zake.

Wachache waliondoka, wakisema bora wakabebe mawe. Wengi tulibaki, msimamizi akawapa wasiojua muda wa kujifunza kwetu, na kukamua kukawa kunakwisha mapema, gari la maziwa halijafika. Nywele tukawa tunasukana Jumapili.

Aliyebaki kunishinda ni mama. Mpenda maziwa yule, tangu siku hiyo alikunywa chai ya rangi. Namwekea kikombe cha maziwa, nakikuta palepale, kimefanya utando. Sikumbembeleza. Lakini iliniuma kuliko mikono.

Maharage yakakomaa. Akayavuna mwenyewe, akayapika, tukakaa chini kula. Katikati ya chakula akasukuma kikombe chake kitupu mbele yangu.

"Leo amekamua nani?"

Ningeweza kumtaja mzee. "Mimi, mama."

"Ng'ombe amekauka?"

"Hajakauka."

Akatafuna maharage yake taratibu, akameza.

"Basi jaza," akasema. "Na usinipunje."