Mchakamchaka wa Wadogo Kwenye Manyunyu

Nilizaliwa bondeni, Kamsamba, ambako mtoto hulala bila shuka na maji ya mtungini huamka yana uvuguvugu. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha juu milimani Ileje, mbele ya Ikinga, sikujua baridi ni nini. Nilidhani ni jambo la kuvaa sweta tu, basi.

Nilikuwa msichana mdogo. Nilimaliza darasa la saba, nikafundishwa ualimu juu juu kama wengi wa wakati ule, maana serikali ilitaka kila mtoto asome na walimu hawakutosha. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walitolewa mabondeni, kwenye migomba yao na nyumba zao za kuta nene, wakapandishwa kwenye mgongo wa mlima ili wakae pamoja. Juni ilipoingia, wengi bado walikuwa kwenye vibanda vya nyasi, na upepo ulipita humo kama hapakujengwa kitu.

Nilipewa darasa la kwanza. Na kwa kuwa nilikuwa kijana, nilipewa pia kazi ya kuwakimbiza asubuhi. Wakubwa walikwenda na walimu wengine hadi mtoni. Wadogo wangu walifuata njia ya kijiji hadi zahanati, tukageuza. Walikuja pekupeku, visigino vimepasuka, na shati moja jembamba ambalo kaka au dada alishalivaa kabla yao. Wengine walijifunika gunia. Nikipaza sauti, "Mchakamchaka!" waliitikia, "Chinja!" huku meno yanagongana, na mvuke ukiwatoka midomoni.

Kati yao alikuwemo msichana mmoja aliyekuja na mdogo wake mgongoni. Mama yao alifariki katika kumzaa huyo mdogo. Baba alipita Tunduma kwenda kutafuta vibarua Zambia, hakurudi. Waliishi na bibi, naye bibi alilazimika kwenda shamba la kijiji kama watu wengine wote. Nyumbani hapakuwa na wa kubaki na mtoto.

Mwalimu mkuu alipomwona yule mdogo alisema, "Hapa ni shule, si mahali pa kulelea watoto."

"Mkimkataza huyu mdogo, na dada yake hatasoma," nikamwambia.

Akanitazama. "Basi mbebe wewe."

Nikambeba. Kila asubuhi nilimfunga mgongoni kwa kitenge tukakimbia. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Tukiongeza mwendo alicheka, na tukisimama alinipiga mateke kiunoni nikimbie tena. Simsemi vibaya marehemu, ila alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Lakini alikuwa na joto, na joto hilo lilinifaa.

Julai yakaja manyunyu. Hayakuwa mvua ya kunyesha ikakatika. Yalikuwa maji yanayoning'inia hewani pamoja na ukungu, asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku. Nguo hazikukauka. Watoto walianza kukohoa, mmoja, kisha karibu darasa zima. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba wadogo wapumzishwe mchakamchaka.

"Wapumzike wapi?" akaniuliza. "Darasa lina ukuta upande mmoja. Kuni za kuwasha moto ziko wapi? Ukimsimamisha mtoto kwenye baridi hii, ndiyo unamwua. Wakikimbia angalau wanapata joto."

Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Wakikimbia walilowa, wakisimama waliganda. Hapakuwa na la tatu.

Asubuhi moja yule msichana alikuja amechelewa. "Mwalimu, huyu amekohoa tangu jana. Uji ameukataa."

Nikamshika mtoto. Alikuwa anaungua. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani, na puani mlitoka sauti kama ya kikaango. Nikavua sweta langu nikamzungushia, nikamfunga mgongoni. Walimu wengine walikwishaondoka na wakubwa. Nikawaambia wadogo, "Ingieni darasani, mnisubiri," nikakimbia kuelekea zahanati.

Nyuma yangu nikasikia miguu. Walikuwa wanakuja, wote, kwenye mstari wao. Njia ni ile ile, mwalimu ni yule yule, mtoto yuko mgongoni kama siku zote. Wangejuaje?

"Rudini!" nikapiga kelele.

Mmoja akaitika kwa nguvu, "Mchakamchaka!" na wenzake, "Chinja!"

Sikupiga kelele tena. Nilihitaji pumzi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtoto wa tatu kwenye mstari sikumwona, nilisikia sauti tu, na mara kwa mara mtu kuanguka kwenye tope, kulia kidogo, kisha kuamka na kukimbia. Yule msichana alishika ncha ya kitenge changu, hakuiachia.

Mganga wa zahanati alikuwa anapuliza moto wa kuchemshia sindano. Alimwekea mtoto sikio kifuani, akasikiliza.

"Ni kichomi," akasema. "Anahitaji penisilini, na penisilini sina. Gari la dawa halijapanda tangu njia ya kuja hapa kijijini iharibike. Mpelekeni hospitali ya misheni."

"Kwa gari gani?"

"Shuka barabarani. Lori la kahawa litapita leo. Hawa wengine niachie, wakae hapa motoni."

Wadogo wakauzunguka ule moto, mikono mbele. Dada wa mtoto peke yake alikataa kubaki. Tukateremka naye tukikimbia, tukiteleza, tukishika majani ya pembeni. Tulipofika barabarani tulisimama chini ya mti uliokuwa unadondosha maji zaidi ya hewa yenyewe.

Lori lilikuja, nikasimama katikati ya njia. Lilikuwa linapanda, tupu.

"Dada, ndiyo kwanza nakwenda kupakia," dereva akasema. Akachungulia mgongo wangu, uso ukambadilika. "Nisubirini hapo hapo. Nikirudi nawachukua, hata wakinipakia nusu."

Tukasubiri. Msichana alimwimbia mdogo wake taratibu kwa Kindali, maneno sikuyaelewa. Nilikuwa natembea huku na huku ili mtoto asikie mwendo. Ile pumzi ya moto niliyokuwa naisikia shingoni ilikuwa inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka. Kisha haikuja.

Niliendelea kutembea.

"Mwalimu, amelala?"

"Ndio."

Akamshika mguu. "Mbona amepoa?"

Nikakaa chini kwenye tope, nikamvuta kifuani kwangu. Akakaa karibu yangu, akaushika tena ule mguu.

Dereva alirudi kama alivyoahidi, upakiaji hata haujakamilika. Alishuka, akavua kofia. Alitaka kuturudisha juu, lakini njia ya kijijini ilikuwa imeharibika, lori lisingepita. Akanipa turubai lake dogo nimfunikie mtoto, tukapanda kwa miguu.

Tulimzika kwenye manyunyu yale yale. Watu walitoa pole, viongozi wa kijiji nao walitoa pole. Bibi hakulia. Aliniambia, "Kule kwangu chini kulikuwa na ukuta. Tungewasha moto."

Kesho yake kengele iligongwa, tukakimbia. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua wadogo wazunguke uwanja wa shule tu. Tulizunguka. Yule msichana alikimbia nasi siku chache, kisha akapotea. Nilipokwenda kwao nilikuta kibanda kitupu, na jirani akaninong'oneza kwamba bibi amemchukua, wamerudi mahameni kwao, kule chini. Nilitembea kurudi shuleni nimefurahi, furaha yangu pekee ya mwezi ule.

Haikudumu. Mgambo waliwafuata, wakaezua paa la ile nyumba ya zamani ili wasiwe na pa kurudi, wakawapandisha tena. Asubuhi iliyofuata msichana alikuwa kwenye mstari. Nilimsalimu, akaniamkia.

Niliomba uhamisho nirudi bondeni kwetu. Jibu halikuja. Nilikaa kule miaka kadhaa, na kila Juni walikuwepo wadogo wengine, pekupeku, na mashati ya kaka zao. Niliwapanga mstari, wafupi mbele, tukaanza kukimbia.