Mate ya Bibi na Pikapu ya Baba

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele yanang'oka na kuota, pikapu ya baba ilipoanza kuzimika njiani. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki waliovunda naondoka, na watu hunicheka, eti nimezaliwa Kashikishi, mji wa wavuvi, halafu sivumilii samaki. Samaki wenyewe sina neno nao. Wanaonichefua ni wale watu wazima waliosimama kuwazunguka.

Baba alikuwa Mkongo. Alivuka Ziwa Mweru na mizigo yake kama wachuuzi wengi wa siku zile, akaoa upande wetu, akabaki. Nyumbani tulisema Kibemba, ila yeye hakuacha Kiswahili chake cha Katanga. Pikapu aliinunua ikiwa imechakaa, mfuniko wa tangi haupo. Petroli ikawa inamwagika kwenye makorongo na kuwaingia samaki, na wanunuzi wakinusa wanakunja uso na kuondoka. Baba akachonga kizibo kwa ule mti mwepesi ambao wavuvi hutengenezea maboya ya nyavu, akakivika mpira wa tyubu ya baiskeli, akakigonga kwa ngumi mpaka kikakaza kabisa. Halikutoka tena hata tone. Kila mgeni aliyefika kwetu alionyeshwa kizibo kile kabla hajapewa maji ya kunywa.

Njia yake ilikuwa ya kwenda Kafutuma, kupeleka samaki na kurudi na mihogo. Bibi yangu, mama yake mama, aliishi kando ya njia hiyo, peke yake, nyumba yake ikitazama barabara. Nilipenda kupanda garini kwa sababu yake. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha ghafla, na hakuruhusu mjukuu aondoke bila kumwekea kitu mkononi, hata kama ni karanga tatu.

Siku ya kwanza pikapu ilizimika hatua chache kupita uwanja wake. Ilikohoa, ikavutavuta, ikanyamaza. Baba akafungua boneti, akagusa nyaya, akajaribu tena, wapi. Kwetu msafiri akikwama, watu huuliza ni mzee gani ana neno moyoni juu yake. Mzee huyo huitwa, husema mbele ya wote kwamba kama kuna kinyongo kimetoka, kisha hutema mate kidogo, na hiyo ndiyo baraka ya safari. Baba hakuweza kumwendea bibi mwenyewe, maana mkwe hamkabili mkwewe. Akageuka akatazama vichaka, akanituma mimi kwa bibi, ambaye kwa Kiswahili chake alimwita kambo.

"Ambia kambo yako, motoka imekufa. Akuye atubariki."

Bibi akaja akijifuta mikono, akicheka. Alisema, kwa Kibemba, "Mimi nina neno gani na baba yako? Lakini kama lipo, liishe." Akatema mate kwenye gurudumu. Baba akawasha. Injini ikaitika mara moja, na sote, pamoja na abiria na majirani waliokusanyika, tukapiga makofi, bibi akipiga kuliko wote.

Laiti angekataa siku ile.

Maana ikawa mchezo. Siku nyingine tulipita vizuri, siku nyingine gari ikafa palepale karibu na kwake. Watu wakaanza kupima, na walichokiona kilikuwa kweli: gari ilizimika siku ambazo samaki walikuwa wengi. Siku za samaki wachache haikuwa na shida. Basi wakasema bibi anawatamani samaki. Baba akaipeleka kwa fundi wa Nchelenge. Fundi akafungua kabureta, akaipuliza, akasafisha plagi, akang'oa kizibo na kuchungulia tangini, akaendesha huku na huku kizibo kikiwa kimewekwa juu ya kiti. Haikuzimika hata mara moja.

"Bwana, gari yako nzima," akasema.

"Bon," baba akajibu. "Kama haiko bugonjwa ya chuma, basi iko ya mutu."

Neno hilo lilifika kijijini kabla yetu. Sasa gari ikizimika hakuna aliyegusa tena boneti. Tulikaa tukingoja bibi aitwe, na mpaka afike hakuna aliyejaribu hata kuwasha. Akifika anatema, injini inawaka. Hakuna aliyepiga makofi tena. Walitazamana tu, na bibi naye akaacha kucheka.

Siku iliyommaliza ilikuwa ya jua kali, pikapu imejaa samaki wabichi mpaka juu. Ikafa. Bibi hakuwepo nyumbani. Alikuwa shambani kwake mbali, analima mihogo. Baba akakataa kujaribu. Tukakaa. Wakatumwa watu wamtafute, na wakati huo samaki wakaanza kuvimba, matumbo yakapasuka, maji yao meusi yakachuruzika barabarani, nzi wakatanda. Alipokuja mbio, tope mikononi, alitema mate hata kabla ya kusalimia. Injini ikawaka, tukiwa na mzigo wa uozo ambao haukufaa hata kwa mbwa.

Kaka yake mwenyewe, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyesimama mbele yake. "Dada, kama si wewe uliyeifunga hii gari, mbona wewe ndiye unayeifungua kila mara?"

Bibi akajifuta tope mikononi. Kila alipokubali kutusaidia alikuwa anajishuhudia. Wazee wa ukoo wakampa muda wa kufunga mzigo, wakampakia kwenye mtumbwi kwenda kisiwa cha Chisenga, kwenye kambi za wavuvi, ambako hakuwa na ndugu. Mama alilia mpaka akapoteza sauti. Shamba la mihogo lilichukuliwa na kaka mtu kabla hata mtumbwi haujarudi. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa bila kufundishwa.

Halafu, baada ya yeye kuondoka, gari ikazimika tena. Palepale. Tulikuwa wawili tu, mimi na baba, na nyumba ya bibi imefungwa. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Baba akaonekana kudhani labda petroli imevuja, akaenda nyuma, akakishika kizibo kwa mikono miwili akakivuta. Kilikuwa kimenyonywa ndani, hakitaki kutoka. Kilipotoka, tangi likavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini. Baba akabaki amekishika. Akarudi kwenye usukani, akawasha, ikawaka.

Hakuwa mjinga. Alizima, akakirudisha, akaendesha kidogo, ikafa, akakitoa, ikawaka. Petroli inapotoka tangini lazima hewa iingie mahali pake, na yeye alikuwa ameiziba hewa. Siku za samaki wengi tulikwenda mbali zaidi, kwa hiyo alijaza tangi pomoni, na tangi likijaa hivyo hewa inayobaki ndani ni kidogo, mwendo mfupi tu, kama ule wa kufika kwa bibi, ulitosha kuikaba injini. Ukingoja, hewa ilipenya polepole pembeni mwa mpira. Huko kungoja ndiko kulikokuwa kunaiwasha gari siku zote, wakati bibi anatembea kuja kwetu.

Nilimwuliza, "Baba, sasa kambo atarudi?"

"Nyamaza, mutoto. Mambo ya bakubwa."

Usiku huohuo alitia msumari motoni akakitoboa kizibo. Pikapu haikuzimika tena. Watu wakasema, mnaona, tangu yule mama aondoke! Na baba akaitikia kwa kichwa. Nilimwona. Alikubali mbele ya mama, mdomo umejaa ugali, na alipomaliza akaomba aongezwe.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilipanda mtumbwi wa wachuuzi nikaenda Chisenga. Bibi alikuwa amekonda, akianika samaki wa watu wengine. Nikamweleza yote: kizibo, hewa, msumari. Nilidhani atalia kwa furaha, au atamlaani baba, na nilitamani sana amlaani. Alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Hapana, mwishikulu wandi, mjukuu wangu," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nikitema tu, inaondoka. Kitu hiki kimo ndani yangu, sijui kiliingia lini."

Nikamwomba basi anibariki, nilikuwa karibu kuolewa. Akakikaza kile kitambaa mdomoni na kurudi nyuma. Alikufa hukohuko, akiwa ameamini, na mimi nikaolewa bila baraka yake.

Baba alizeeka vizuri. Kanisani alipewa kiti cha mbele, na siku ya mazishi yake walimsifu kwa upole wake. Nilikaa mkekani na wanawake, nikashindwa kutoa chozi. Nimeulizwa mara nyingi kama nauamini uchawi. Ninachojua ni kwamba kutoka Kashikishi mpaka kisiwani ni safari ya mtumbwi ya siku moja tu, na baba alikuwa na ukweli mkononi, na hakwenda.