Fahali wa Cástulo Katikati ya Bwawa

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na asiyeamini hanikoseshi usingizi, nimezoea. Niliposema huko kaskazini tunachimba viazi vitamu vikubwa kama mguu wa mtoto, mliniita mwongo. Nikaleta picha. Mkasema huo ni mguu wa mtoto. Basi leo sina picha. Ninaye Cástulo mwenyewe, yule pale karibu na jiko, kanipa mgongo kana kwamba hasikii. Masikio yake nayajua. Ni mume wa dada yangu, nimemvumilia miaka na miaka, naye anadhani yeye ndiye aliyenivumilia mimi.

Hapa kijijini mnamwona kipande cha mwaka tu. Pasaka ikiisha anaondoka, anarudi Siku ya Wafu, makaburi yakishapambwa maua. Muda wote huo yuko North Carolina, Marekani, kwenye shamba la tumbaku la Bwana Tuttle, kwa ile viza ya msimu inayokupa bosi mmoja tu: ukigombana naye, umegombana na nchi nzima. Kwa hiyo Cástulo hagombani. Maneno yake ni machache kama meno ya bibi yangu. Anainama kwenye mstari wa tumbaku, anavuna majani ya chini, na ukimwona mgongo ulivyotulia unaweza kuutandikia meza. Jumapili ananyoa kambi nzima, na wote tunatoka na kichwa cha namna moja, utadhani mama yetu ni mmoja. Ukilalamika anakwambia, "Kofia unayo."

Yeye mwenyewe kofia haivui. Hata mbele ya mkuu wa wilaya hakuivua. Kumbukeni hilo.

Sasa, binti yake Micaela mnamjua. Micaela alizaliwa kimya. Mkunga kapiga kofi, kamtikisa, kampulizia puani, kimya. Cástulo akatoka mbio mpaka mlango wa kanisa na akaweka nadhiri: mtoto akilia, kila sikukuu ya Mikaeli Malaika Mkuu atabeba fahali wa moto begani, mwaka hadi mwaka, mpaka miguu imkatae. Aliporudi, mtoto analia. Hajanyamaza mpaka leo, muulizeni mumewe.

Na sheria ya fahali wetu hata mtoto wa miaka mitatu hapa anaijua. Mifupa ya matete, ngozi ya karatasi, fataki kuanzia pembe hadi mkia. Anayembeba ni aliyeweka nadhiri au damu yake, basi. Na akishawashwa hawekwi chini mpaka cheche ya mwisho ife. Ukimtua mapema, nadhiri imevunjika, ni kama hukuwahi kuiweka.

Lakini Malaika hakuangalia kalenda ya tumbaku. Sikukuu yake inaangukia katikati ya mavuno, kwa hiyo miaka yote Fermín, mdogo wake Cástulo, ndiye aliyembebea fahali. Mwaka jana Fermín akapanda paa la kanisa kuondoa kiota cha njiwa. Njiwa waliruka. Yeye naye aliruka, ila yeye hana mbawa. Mguu ukafungwa plasta mpaka kiunoni. Na mwaka huohuo, Micaela ana mimba ya kwanza, ya kujifungua sikukuu hiyohiyo au karibu yake, na muuguzi wa zahanati anasema mtoto kakaa kimshazari.

Dada yangu alipompigia Cástulo simu kumpa habari zote mbili, sisi wengine tulikuwa tunapasha chapati za mahindi. Alisikiliza. Akasema, "Haya." Akakata simu. Akaenda kukaa nje kwenye ndoo iliyofudikizwa, na chapati zake nikazila mimi, maana chakula hakitupwi.

Nabor, nyapara wetu, ni mtu wa hapahapa kijijini. Akamfuata.

"Acha kujitesa, Cástulo. Malaika anaelewa. Yuko juu kule, anaona ulipo."

"Anaona," akasema Cástulo. "Ndiyo shida yenyewe."

Kurudi nyumbani asingeweza. Ukivunja mkataba katikati, mwakani jina lako haliitwi. Basi jioni moja akaenda kwa Bwana Tuttle, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito: kofia ilikuwa mkononi. Kichwa chake kwa juu kilikuwa cheupe kama cha padri. Nikamfuata nyuma ili asiwe peke yake. Na ili nisikie.

Bwana Tuttle si mtu mbaya. Kihispania alijifunza kwetu shambani, kwa hiyo anajua matusi yote na sala moja.

"Bosi," Cástulo akasema, "nina ahadi na Malaika Mikaeli. Nataka kumbebea fahali wa moto."

Bosi akatazama mabanda ya kukaushia tumbaku. Ya mbao yale, yamejaa majani makavu, yale ambayo ukipiga chafya karibu nayo unaomba msamaha.

"Cástulo, wewe ni mtu mzuri. Lakini banda la babu yangu liliisha kwa sigara moja. Fahali wa moto, hapana. Kiberiti, hapana. Akiwasha mtu kitu hapa, wote mnapanda basi la Meksiko."

"Wote?" nikauliza.

"Wewe wa kwanza, Librado."

Siku zilizofuata, mtu wa maneno machache alikosa hata hayo machache. Mlevi akinyamaza unasema kalala. Cástulo akinyamaza kambi nzima inaongea kwa kunong'ona. Kisha akapangiwa kuhamisha mabomba ya kumwagilia kutoka bwawani. Nilikuwa naye. Akasimama ukingoni, bomba begani, akaliangalia lile bwawa mpaka vyura wakaona haya. Bomba likaachwa palepale. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye trekta.

"Bosi. Na ndani ya maji?"

Bwana Tuttle akazima injini. "Moto ukiwa ndani ya maji utaenda wapi?"

"Hauna pa kwenda, bosi."

"Na wewe?"

"Mimi nitatoka."

Bosi akacheka, akakuna shingo, akalitazama bwawa, akamtazama Cástulo. Za Micaela alishazisikia kambini, na mkewe naye alizaa kwa shida, nadhani alilikumbuka hilo. "Sawa. Lakini nitakuwepo, na tangi langu la maji litakuwepo. Unajua kuogelea?"

"Ndiyo," akasema Cástulo.

Mtu huyu, tangu amwoe dada yangu, maji hayajawahi kumpita magoti.

Tukaanza kumjenga fahali. Matete hayakuwepo, tukatumia vijiti vya zamani vya kutundikia tumbaku, kwa hiyo alikuwa mnyama mwenye harufu ya sigara. Ngozi ilikuwa magazeti ya mke wa bosi. Gundi tulipika kwa unga wa chapati, na siku zile tulikula maharagwe kwa kijiko, kwa kuwa fahali alikula unga wote. Pembe nilizitafuta mimi: viazi vitamu viwili vilivyopinda, kimoja kulia na kimoja kushoto, pacha kabisa. Fataki tulinunua Jumapili tulipopelekwa sokoni, kwenye vibanda vya mpakani na jimbo jirani. Muuzaji akauliza tunasherehekea nini. Nabor akamwambia, "Uzazi."

Sikukuu ikafika. Tulivuna tangu alfajiri, jua lilipoanza kulala tukateremka bwawani, sisi na Bwana Tuttle na trekta lake na mbwa wake. Simu ya Cástulo tuliifunga kwenye nailoni, tukaiweka ndani ya kofia ya Nabor. Dada yangu alikuwa amesema uchungu umeanza, wako njiani kwenda hospitali ya mkoa. Baada ya hapo, kimya.

Cástulo akavua viatu, akaingia mpaka kiunoni. Nikambebesha fahali mabegani, nikawasha utambi.

Jamani! Kwanza mkia ukatema cheche, kisha mbavu, pa-pa-pa, kisha magurudumu ya pembeni yakaanza kuzunguka, na maji yote yakawa dhahabu. Na Cástulo, yule wa maneno machache, akacheza! Anazunguka, anapiga pembe hewani, anakimbiza watu ambao hawapo, kama yuko hapa uwanja wa kanisa na ninyi nyote mnapiga kelele. Tukaanza kupiga kelele sisi. Mbwa akabweka. Bosi mwenyewe akatoa tusi la furaha.

Kosa letu lilikuwa moja. Lile ni bwawa la kumwagilia. Tulipima maji, tope hatukupima.

Kila akicheza, anadidimia. Maji kiunoni, maji tumboni. Nikaona ameacha kucheza, anajaribu kung'oa mguu mmoja, na mwingine unazama. Maji kifuani. Fahali bado anaunguruma, nusu ya fataki hazijawaka.

"Mtupe!" Bwana Tuttle akapiga kelele. "Cástulo, mtupe huyo mnyama!"

Hakuna aliyesema "mtupe" pamoja naye. Tulijua, na Cástulo alijua. Akanyoosha mikono, akamwinua fahali juu ya kichwa, cheche zinamwangukia usoni, maji yanamfika kidevuni. Hakuomba msaada. Nilimsikia anasema neno moja tu, tena na tena: "Micaela. Micaela."

Watawaambia ni Nabor aliyeruka kwanza. Waongo. Ni mimi. Nikamshika mkanda wa suruali, tukaanza kuzama wawili. Nabor akanishika mimi shati, mwingine akamshika Nabor, na mwingine, na mwingine, mpaka tukawa kamba ya watu kutoka katikati ya bwawa hadi kwenye nyasi, na mwisho wa kamba, visigino vimechimba ardhi, uso mwekundu kama nyanya, amekaa Bwana Tuttle anavuta na kutukana kwa Kihispania safi. Hakuna hata mmoja aliyemgusa fahali. Mikono yetu ilimshika Cástulo, fahali alishikwa na mikono yake tu.

Likabaki gurudumu moja, la pembe ya kushoto. Likazunguka. Likapungua. Pss.

Ndipo akamtua juu ya maji, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Na hapohapo, jamani, hapohapo, moshi haujapanda hata urefu wa mtu, simu ikalia ndani ya kofia ya Nabor! Ni Micaela mwenyewe, mzima, amejifungua salama, na nyuma yake mtoto wa kiume analia kwa sauti ya tarumbeta, samaki wote bwawani wakatoa vichwa kusikiliza, na yule mbwa wa Bwana Tuttle akapiga magoti, akaanza ku—

"Shemeji."

Huyo ni Cástulo. Amegeuka kutoka jikoni, na kile alichokipakata muda wote, kwenye shali ya dada yangu, sasa mnakiona.

"Simu ililia kesho yake asubuhi. Tulikuwa shambani, majani yana umande, wewe umevaa mfuko wa takataka usilowe, unatapika kwa kulewa maji ya tumbaku." Akaitengeneza vizuri shali. "Na mtoto hakulia. Alikuwa amelala. Kama sasa hivi. Punguza sauti."