Kikapu Hakiumizi Taya

Wanafunzi wangu wa uuguzi, siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo ya shamba la chai upande wa Kericho, nilipewa koti jeupe lililonipwaya na kabati lililojaa dawa ya kuchua. Wachumaji walikuja kila asubuhi wakilalamikia mabega. Baada ya mwaka nilijiona fundi: mtu akishika bega tu, mkono wangu ushafika kwenye chupa.

Ndivyo nilivyompokea Mama Chebet, mchumaji wa miaka mingi. Ukungu ulikuwa mzito na baridi kali, lakini paji lake lilitiririka jasho.

"Ni hii kikapu tu, sista," alisema. "Imenifinya bega mpaka kwa taya. Na maziwa ya kibuyu, ile mursik ya jana, imenikataa. Nasikia kutapika."

Nilimchua, nikampa dawa ya kiungulia, nikamrudisha kazini. Msimamizi wetu, tabibu wa maneno machache, alisoma nilichoandika, akavua miwani.

"Sista, kikapu inaumizaje taya?"

Nilikimbia shambani. Nilimkuta Mama Chebet katikati ya michai, ameketi chini, midomo imepauka. Tulimbeba kwa machela. Mashine ya kupima umeme wa moyo ilituonyesha balaa: mshipa unaolisha moyo umezibwa na damu iliyoganda, na msuli wake unakufa taratibu. Tulimpa aspirini atafune, bonge lile lisizidi kukua, gari likamkimbiza hospitali ya rufaa. Nilikaa naye nyuma, naogopa kuliko yeye.

Wanafunzi wangu, moyo hauumi kifuani kila mara. Kwa akina mama na wenye kisukari, maumivu huweza kujificha begani, tayani, hata tumboni. Jasho la baridi na kichefuchefu msivipuuze. Mpimeni mgonjwa moyo ndani ya dakika kumi, kikapu mtakilaumu baadaye.

Mama Chebet alipona. Mimi nilihamishiwa Chepseon, kisha Bomet chini ya metroni mkali. Siku ya kustaafu kwangu, Mama Chebet alikuja na kibuyu, akawasimulia wageni jinsi nilivyomkimbilia shambani. Kila mara alianzia hapo.

"Mama," nilimwambia pembeni, "mimi ndiye niliyekurudisha huko. Nisamehe."

"Najua, sista. Uliponifikia nilikuwa bado nanuka hiyo dawa yako ya kuchua."

Akanijazia kikombe.