Kawa Lililoishiwa Rangi

Kwa miaka minne nilikuwa mlinzi wa chumba katika jumba la sanaa la mjini. Kazi yangu ilikuwa kuzuia vidole vya watu visiguse vitu, lakini kwa kuwa mdomo wangu haukuumbwa kukaa kimya, nilijiongezea kazi ya kuwasimulia wageni. Jumba lenyewe lilianza kama nyumba ya tajiri mmoja aliyenunua kila kilichompendeza: picha za rangi, milango ya nakshi, vyetezo, viti vya mpingo. Alipofariki, wanawe walishindwa kugawana, wakaukabidhi mji kila kitu.

Nilichopenda kukieleza zaidi kilikuwa kawa moja la ukili wa miyaa iliyosukwa, la kufunikia sinia ya chakula, lililowekwa ndani ya sanduku la kioo. Kutoka kileleni lilikuwa na mistari ya zambarau, kisha karibu na ukingo zambarau ikakoma ghafla, ikaja nyekundu. Kibao kilisema: “Mtengenezaji hajulikani. Huenda mabadiliko ya rangi yanaashiria safari ya nafsi.” Mimi nami nilitia chumvi. Nikasema zambarau ni dunia na nyekundu ni mapenzi. Bibi mmoja wa kizungu alilia kabisa, nikampa kitambaa changu.

Siku moja nikamleta mama kutoka kwetu Jomvu Kuu aone ninapofanya kazi. Alishangaa viti vizuri namna ile kukatazwa kukaliwa. Alipofika kwenye kawa akasimama.

“Hapa wameandika nini?”

Herufi hizi mama hazijui; chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alisomeshwa za Kiarabu tu. Nikamsomea, nikaongeza na chumvi yangu. Akanitazama kama niliyevunja sahani.

“Safari ya nafsi? Wallahi rangi ilinishia! Nilikuwa na mimba yako, siwezi kwenda dukani. Jirani akanipa nyekundu alobakisha.”

Nikaangua kicheko. Mama hakucheka.

“Na hajulikani nani? Mimi si huyu hapa?”

Akanitaka nimpeleke kwa mkubwa. Msimamizi wa makusanyo ya sanaa alikuwa dada mpole, akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka kwamba kawa lile alilisuka yeye.

“Unataka urudishiwe, mama?”

“Sitaki. Nilimuuzia tajiri wenu kwa hiari yangu. Nataka nijulikane. Lifunueni mtazame ndani, mzunguko wa mwisho. Miyaa ilikatika, nikashonea uzi wa buluu.”

Dada yule na msaidizi wake wakavaa glavu, wakafungua sanduku. Sikumshuku mama, ila niliogopa: ule uzi ukiwa umeoza, atarudi Jomvu akiwa bado hajulikani, tena mbele yangu. Msimamizi akaligeuza kawa taratibu. Uzi ulikuwepo, umepauka lakini ni wa buluu, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka.

Akamwomba mama jina lake la kuandikwa. Nikafungua mdomo nilitaje, mama akanizuia kwa mkono, akachukua kalamu. Akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto wa chuoni. Msimamizi akanigeukia. Nikamwambia wazee wetu waliandika Kiswahili hivyo hivyo, kwa herufi hizo hizo, kabla ya hizi zetu kufika. Kwa mara ya kwanza katika jumba lile nilieleza kitu cha kweli, na niliona fahari.

Baada ya wiki mbili kibao kipya kikawekwa. Safari ya nafsi imefutwa; sasa imeandikwa kwamba rangi ya zambarau ilimwishia msukaji. Chini yake liko jina la mama, kwanza kwa herufi zetu, kisha kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilimrudisha akaone. Nikasogea nimsomee, akanisukuma kwa kiwiko. Akainama hadi pua ikakaribia kioo, akasoma kwa sauti jina lake, la baba yake, na la babu yake. Katika jumba zima, hayo ndiyo maneno pekee ambayo hakuhitaji mtu amsomee.